Mteja wa Mashine ya Kumi na Moja

Jumamosi, karibu saa nane mchana, ukumbi ulikuwa umefurika. Watu walisukumana kwenye ngazi, wengine wakishuka wameinamisha vichwa, wengine wakipanda wanacheka kabla hata hawajacheza. Ndani, mashine sitini zililia kwa pamoja, taa nyekundu na kijani zikifukuzana, na zulia lilikuwa na harufu ya manukato ya bei rahisi. Hapakuwa na dirisha hata moja. Hapakuwa na saa ukutani.

Kwenye mashine ya kumi na moja alikaa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na mitatu, shati lake la buluu limefifia kwenye kola, kidole chake kikibonyeza kitufe bila haraka. Ungemwona, ungesema ni mcheza kamari kama wenzake. Hakuwa. Alikuwa mkaguzi wa siri wa ofisi inayosimamia kumbi za kamari, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kukaa tu. Sheria ilisema mteja akikaribia kumaliza saa tatu bila kunyanyuka, mfanyakazi lazima amfuate, amsalimie, amuulize hali, amshauri apumzike. Ukumbi usiowaangalia wateja wake unaweza kufungiwa. Basi wakaguzi walitumwa kama watu wa kawaida, wakae, wacheze, waone kama kuna atakayewajali.

Mwezi ule alikuwa ameshakaa kumbi sita. Hakuna aliyemjali. Katika mmoja walikuja kubadilisha taa juu ya kichwa chake, wakamwomba ainamishe shingo, wakaenda zao.

"Kaka, huo mguu bado ni wako?"

Aligeuka. Mbele yake alisimama dada mmoja mwenye sketi nyeusi na blauzi ya njano ya ukumbi, nywele amezisuka mistari midogo na kuzifunga kwa utepe. Mkononi alikuwa na kikombe cha maji.

"Mguu gani?"

"Huo uliouegesha chini ya kiti tangu saa tano. Nimepita mara nne, haujasogea. Nikasema niulize, kama una mwenyewe aje auchukue."

Alicheka, halafu akakumbuka kwamba mtu anayeliwa na mashine hacheki. "Ni wangu. Umelala tu."

"Basi uamshe. Kunywa maji, simama, nenda kwenye dirisha la ngazi uone kama jua bado lipo. Mashine haitakimbia, haina miguu."

"Na nikikataa?"

"Nitarudi baada ya dakika kumi. Ukikataa tena, nitarudi tena. Miguu mimi ninayo."

Aliondoka kabla hajajibiwa. Mkaguzi alimfuata kwa macho. Alimwona akisimama kwa bibi mmoja mstaafu ambaye ukumbi mzima ulimwita Mwalimu, akamrudishia sweta lililomteremka mabegani, akamnong'oneza kitu hadi bibi akatabasamu. Kisha pete ikagongwa kwenye kioo. Alikuwa meneja, ndani ya chumba chake cha vioo, akimwonyesha kwa kidole arudi kaunta.

Mkaguzi alikwenda msalani, akatoa kijitabu kwenye soksi, akaandika: *Saa nane kasoro dakika kumi. Mfanyakazi mmoja wa kike. Maji. Ushauri mzuri sana.* Akayasoma, akafuta neno "sana".

Kila ukumbi ulitakiwa kukaguliwa mara tatu, na ofisi ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: mkaguzi akizoeana na mfanyakazi wa ukumbi, amwambie mkuu wake siku hiyo hiyo, na ukumbi ule apewe mkaguzi mwingine. Alilijua sharti hilo kama anavyoijua namba yake ya simu.

Jumatano aliporudi, hata kabla hajakaa vizuri, akamsikia nyuma yake.

"Kumi na Moja! Umerudi."

"Ndilo jina langu sasa?"

"Si hujaniambia lingine. Mimi hapa wananiita Dada Maji. Nina dakika ishirini za mapumziko. Njoo tukakae nje, kabla hicho kiti hakijakuotea mizizi."

Walikaa kwenye ngazi za nyuma, zile za chuma, mahali palipopitishwa makreti ya soda. Jua lilimpiga Dada Maji usoni akafumba jicho moja.

"Soda wanawapa bure wanaoendelea kucheza," alisema, akikung'uta vumbi kwenye sketi. "Maji ni yangu mwenyewe. Meneja ananiambia namharibia biashara. Nikamwambia, bosi, mtu akianguka hapa utaharibikiwa zaidi."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nirudi kaunta." Alicheka, halafu akaacha. "Kaka, nikuulize kitu, usikasirike. Umeanza lini?"

Alijua anaulizwa nini. "Kama... miaka minne," akajibu, na kwa namna yake ulikuwa ukweli, maana ni miaka minne tangu aanze ukaguzi.

"Baba yangu alicheza tisa. Alikaribia kupoteza cherehani yake. Leo ana mwaka wa tano hajagusa." Alichukua kalamu, akaandika namba kwenye kiganja cha mkaguzi. "Ukisikia unavutwa kuja huku, nipigie mimi kwanza. Saa yoyote. Tutaongea mpaka hamu ipite."

Mkaguzi alirudi ofisini, akapita mbele ya mlango wa mkuu wake, akasimama. Nitamwambia kesho, akajisemea. Jioni ile ile alipiga.

"Kumekuvuta?" Dada Maji aliuliza badala ya salamu.

"Sana."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nimekaa chini."

"Hongera! Usinyanyuke. Niambie umekula nini leo."

Waliongea saa nzima. Kesho yake akapiga tena, na keshokutwa. Kila alipopiga, yule dada alimpongeza. "Leo siku ya nne! Unaona? Wewe ni mwanamume wa chuma." Na mkaguzi, aliyekuwa akivutwa kweli ila si na mashine, aliona haya mpaka masikio yakamwasha, na bado hakukata simu.

"Ukipiga siku ambayo hukuvutwa, ni sawa pia," dada alisema jioni moja, sauti yake imeshuka. "Nasema tu."

"Na nikivutwa na kitu kingine?"

"Kama nini?"

"Kama sauti ya mtu."

"Mtu huyo ana kazi kesho asubuhi, mpenzi. Lala." Akakata. Lile neno lilibaki na mkaguzi hadi usingizi ulipomchukua.

Wiki ya tatu Dada Maji alimpeleka kwa baba yake. Fundi alikuwa na kibanda cha mbao kati ya duka la vipuri na kinyozi, nguo zimening'inia hadi mlangoni, na cherehani nyeusi mbele, inang'aa kwa kufutwa kila siku. Alikuwa mzee mwembamba, miwani puani, futi ya kitambaa shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Simama hapo kwenye mwanga." Alimzunguka, akampima mabega kwa macho. "Kwa hiyo huyu ndiye mcheza kamari wako."

"Baba!"

"Nimesema vibaya? Mimi mwenyewe nilikuwa mcheza kamari wa mama yako." Akamgeukia binti. "Nenda kaniletee uzi mweupe dukani. Usiharakishe."

Alipoondoka, mzee alivuta kigoda, wakakaa magoti yakikaribia kugusana.

"Mwanangu, sitakuhubiria. Nitakwambia kitu kimoja tu. Siku niliyokwenda kujizuia, unajua ile fomu? Unaweka picha, unatia sahihi, kumbi zote zinakufungia mlango. Siku ile mkono wangu ulitetemeka, kalamu haikuandika. Yeye akaweka mkono wake juu ya wangu, tukaandika pamoja. Alikuwa na miaka ishirini. Mtoto hapaswi kufanyishwa kazi ile." Akavua miwani, akaifuta. "Sikukatazi kumpenda. Nakuomba tu, usimrudishe pale tena."

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Alitaka kusema. Kila neno la mzee lilikuwa jema, na kila moja lilimchoma. Lakini ukumbi ulikuwa umebakiza ziara moja, na mkaguzi akijitangaza kabla ya ripoti, kazi yote inamwagika.

"Nimekusikia, mzee," alisema.

Binti alirudi na uzi. Mzee alimvalisha mgeni shati jeupe lililoachwa na mteja, kujaribu tu, na binti akampiga picha kwa simu. "Tabasamu, Kumi na Moja. Hivyo! Kumbe una meno."

Ziara ya tatu aliifanya Alhamisi, siku ya mapumziko ya Dada Maji. Alijiambia ni ili asimdanganye usoni. Alikaa tangu saa nne asubuhi. Saa tatu zikapita, nne, tano. Hakuna aliyemsogelea. Kwenye mlango wa kaunta palikuwa na tangazo jipya, wino bado mweusi: MTEJA ANAYECHEZA ASISUMBULIWE. Mwalimu alikuwa mashine ya tatu, na kufika mchana alikuwa amesinzia, paji la uso limegusa kioo. Meneja mwenyewe alitoka, akamwamsha kwa upole wa ajabu, akampa soda na kadi ya kucheza bure. Bibi akajipangusa mdomo, akaendelea.

Mkaguzi alitaka kuandika hilo. Alipotazama saa yake, akashtuka. Ilikuwa imepita saa nzima tangu aone, na katika saa hiyo hakuwaza Mwalimu, wala ofisi, wala kijitabu. Kidole kilikuwa kinabonyeza tu. Alisimama, akatoka.

Simu ya Dada Maji iliingia kabla hajafika kituo cha basi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa..."

"Usiseme. Wenzangu wameniambia. Saa tano, Kumi na Moja! Siku yangu ya mapumziko. Ulichagua siku ambayo sipo."

"Nisikilize, tafadhali. Kuna jambo siwezi kulieleza kwa sasa."

"Baba naye alikuwa na jambo ambalo hawezi kulieleza kwa sasa. Miaka tisa." Sauti yake ilikatika. "Kila jioni nilikuwa nakupigia makofi. Mimi mjinga, napiga makofi."

"Si mjinga. Nakupenda."

"Basi kama unanipenda ungekaa chini!"

Alikata. Mkaguzi alipiga mara saba, simu haikupokelewa. Na kesho yake, Ijumaa, Dada Maji alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Alikaa kaunta, akavuta fomu ya kujizuia, akabandika ile picha ya shati jeupe, akaandika jina na namba ya simu ya mkaguzi, na pale palipoandikwa *sahihi ya mteja*, akatia yeye. Aliwahi kumsaidia baba yake kuandika, na moyoni mwake tofauti haikuwa kubwa. Akaiingiza kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe, na fomu ikaenda kumbi zote.

Jumanne mkaguzi alipelekwa ukumbi mwingine, upande wa pili wa mji. Mlinzi mlangoni, mtu wa makamo mwenye kofia iliyomzidi kichwa, alimtazama, akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama tena.

"Kaka, samahani. Umejizuia."

"Nimefanya nini?"

Mlinzi alishusha sauti ili waliokuwa kwenye foleni wasisikie. "Umo kwenye daftari. Usione haya, ni jambo la kishujaa. Hapo kona kuna mama anauza chai nzuri. Nenda kakae, kiu ya huku itapita." Na akageuza kioo kidogo, mkaguzi akajiona mwenyewe, shati jeupe, meno nje.

Ofisini aliitwa kabla hajaweka mkoba. Mkuu wake alikuwa mama mnene, mtulivu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wote walimwita Bi Mkuu, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Keti. Fomu hii inasema ulitia sahihi Ijumaa, saa tatu asubuhi, mbele ya mfanyakazi wa ukumbi ule. Ijumaa saa tatu asubuhi ulikuwa umekaa hapo ulipokaa sasa, unanywa chai yangu."

Mkaguzi aliivuta fomu karibu, akaisoma.

"Na picha hii. Nimeona maelfu ya picha za watu waliojizuia. Hawatabasamu. Nani alikupiga?"

"Bi Mkuu, naomba nijibu Jumatatu, mbele ya kikao."

Bi Mkuu alimtazama, na machoni mwake hasira haikuwapo, palikuwa na kitu kama huruma, ambacho kilikuwa kibaya zaidi. "Jumatatu saa nne tunaamua leseni ya ukumbi ule. Ukijibu kweli, aliyeandika fomu hii atanyang'anywa kadi ya kazi, na meneja atasema ripoti yako ni ya mtu na mpenzi wake. Ukinidanganya, utakuwa umenidanganya. Na katikati yenu kuna bibi anasinzia kwenye mashine. Nenda ukafikiri."

Jumapili mchana alikwenda kibandani kwa fundi. Dada Maji alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafumua upindo wa suruali, amevaa kanga kiunoni na fulana ya zamani. Alimwona, akaendelea kufumua.

"Sina la kusema na wewe."

"Mimi ninalo. Ukishalisikia utanifukuza, na utakuwa na haki." Akalisema lote akiwa amesimama mlangoni, tangu mwanzo, ofisi, ziara tatu, kijitabu kwenye soksi. Cherehani ya mzee ilinyamaza katikati ya mshono.

Dada Maji aliweka suruali chini polepole.

"Kwa hiyo si mgonjwa."

"Hapana."

"Nimelala sijala kwa ajili ya ugonjwa usiokuwepo?"

"Nisamehe."

"Yale maji. Uliyaandika?"

"Niliyaandika."

"Uliandika nini?"

"Saa. Dakika. Ushauri mzuri sana. Kisha nikafuta 'sana'."

"Kwa nini ukafuta?"

"Halikuwa neno la ripoti."

"Ungeliacha," alisema, na hapo machozi yakamtoka. "Mimi nilimletea mtu maji. Kumbe nilikuwa nafanya mtihani."

"Na simu zote zile? Ofisi haikunituma kukupigia. Nilitakiwa niache kesi siku uliponiandikia namba, nikashindwa. Sasa kesho kuna kikao, wanauliza nani alitia sahihi ile. Naweza kusema sijui."

Alinyanyuka, akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Usithubutu. Nimechoka na wanaume wanaodanganya ili nisiumie. Sema unalotaka kuhusu wewe. Langu niachie mwenyewe." Akampita mlangoni bila kumgusa, akaenda.

Mkaguzi alibaki pale. Mzee alimtazama juu ya miwani.

"Nilikupa nusu saa ya ushauri."

"Naukumbuka wote, mzee."

"Mm." Mzee alitazama kifua cha mkaguzi. Kifungo cha pili cha shati kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Bila kusema neno alichukua sindano, akamvuta kwa shati hadi karibu, akakishona kikakaza, akakata uzi kwa meno. "Mbele ya kikao mtu asiende amefunguka kifua," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa ikilalamika, na viti vya plastiki. Meneja alikuja na suti ya kijivu na mwanasheria. Mkaguzi aliitwa kwanza. Alisimama, mikono nyuma.

"Nilimzoea mfanyakazi wa ukumbi huu baada ya ziara ya pili, na sikusema. Nilivunja sharti. Ziara ya tatu naomba isihesabiwe."

Mwanasheria wa meneja alikuwa ameshasimama. "Basi, waheshimiwa, kilichobaki ni ziara mbili, na ya kwanza inasema mteja alipewa maji na ushauri mzuri. Ukumbi ulitimiza wajibu wake. Hakuna kesi."

Meneja alitabasamu. Bi Mkuu alivaa miwani, akaivua. Mkaguzi alihisi sakafu inamkimbia, maana ukweli wake ndio uliokuwa unamrudisha Mwalimu kwenye kioo kile.

"Naomba kusema."

Dada Maji alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa gauni la kijani kibichi lenye kola nyeupe, kazi ya mikono ya baba yake, aliyekaa pembeni na koti lake la harusi. Alitembea hadi mbele. Sauti yake ilianza kwa kutetemeka.

"Sahihi iliyo kwenye fomu ile ni mkono wangu. Nilijua ni kosa. Baba yangu aliwahi kuzama kwenye zile mashine, nikaona mtu ninayempenda anamfuata, nikaogopa. Kadi yangu ya kazi hii hapa." Akaiweka mezani.

"Asante kwa ukweli," alisema mwanasheria. "Waheshimiwa, mnaona aina ya mfanyakazi..."

"Sijamaliza, kaka yangu." Watu wawili watatu walicheka. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa. "Umesema ukumbi ulitoa maji. Maji yalikuwa yangu, nanunua mwenyewe, na kwa ajili yake nimeitwa ofisini kwa meneja mara sita. Mwalimu, yule bibi mstaafu, aliniomba fomu ya kujizuia mara mbili. Mara zote mbili meneja alimpa kadi ya kucheza bure kabla hajaandika jina. Baada ya hapo tukabandikiwa hii." Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyochanika pembe zilipokuwa gundi, akaikunjua juu ya meza. Mteja anayecheza asisumbuliwe. Chini yake, muhuri na sahihi ya meneja. "Na hii nayo ina sahihi, ila hii ni ya mwenyewe."

Feni ililalamika. Meneja hakutabasamu tena.

Uamuzi ulisomwa mchana. Ukumbi ukafungwa hadi utakapoajiri watu wa kuwaangalia wateja na kuwalipa kwa kazi hiyo. Meneja akasimamishwa. Bi Mkuu mwenyewe akaahidi kwenda kwa Mwalimu na fomu mkononi. Kisha akamgeukia yule dada. "Binti, nasikitika. Hakuna mtu anayetia sahihi ya mwenzake, hata kwa mapenzi. Miezi sita bila kadi." Na kwa mkaguzi: "Wewe hutakwenda tena kumbini. Utakaa dawati la malalamiko." Halafu, akikusanya makaratasi, akaongeza kwa sauti ndogo, "Ukimaliza miezi sita, binti, ofisi hii inatafuta watu wanaojua kumfuata mteja."

Nje, Dada Maji alimshika baba yake mkono, wakavuka barabara. Hakugeuka.

Wiki mbili mkaguzi hakupiga simu. Alijua akipiga ataomba, na alikuwa ameshaomba vya kutosha. Alikaa dawati la malalamiko, akasikiliza wake na mama wa wacheza kamari, na kila mmoja akamvutia kiti kabla hajamuuliza shida.

Siku ya kumi na tano waliitwa wote wawili na ofisi ya daftari. Fomu ya uongo haiwezi kuachwa ilivyo: aliyeiandika akiri kwa maandishi, na mwenye picha ajieleze kama anataka kutoka au kubaki. Walikutana kwenye benchi moja, mbele ya kaunta, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Dada Maji alivaa blauzi nyeupe na hereni ndogo, na alikuwa amekonda kidogo.

"Mnafahamiana?" aliuliza karani, mama kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Ndiyo," alisema mkaguzi.

"Hapana," alisema Dada Maji.

"Haya," alisema karani. "Dada, andika hapa. Kaka, nifute jina lako?"

Mkaguzi alitazama zile fomu. "Usifute. Nipe mpya, niandike mwenyewe."

Dada Maji aligeuka kwa mara ya kwanza. "Ya nini? Si umesema hukuwa mgonjwa?"

"Siku ile ya saa tano, ilipita saa nzima sikukumbuka kazi, wala nyumbani, wala wewe. Kidole kilikuwa kinabonyeza tu. Sijamwambia mtu." Akameza mate. "Ulikosea kutia sahihi yangu. Hukukosea kuogopa."

Dada Maji alisogea kwenye benchi, nafasi iliyokuwa katikati ikaisha.

Mkaguzi aliandika jina, namba, tarehe. Mkono haukutetemeka. Alipofika chini kabisa alisimama.

"Mbona umekwama?" aliuliza Dada Maji. "Kuandika nako kumekushinda?"

"Wanataka mtu wa karibu, wa kupigiwa nikionekana mlangoni kwao. Nimekuandika wewe. Sasa wanauliza uhusiano."

Karani alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaacha kujifanya anapanga mafaili.

"Niandike nini?" mkaguzi aliuliza.

Dada Maji aliinama juu ya karatasi, akasoma jina lake lilivyoandikwa, herufi moja moja. Karani akakohoa.

"Andika mchumba," alisema. "Na uandike kwa mkono wako, wote wakuone. Nisije nikasingiziwa na hilo."